Mfungo wa Mrefu

Hakuwa na koti, kwa sababu kwao baridi ni habari ya kusikia redioni. Hakuwa na ndevu, na miaka yake ishirini na mbili haikumsaidia kitu, maana wazee aliowabishia hodi walimtazama kwanza usoni, kisha wakamwuliza mama yake yuko wapi. Hakuwa na lugha ya nchi ile isipokuwa maneno kama mia mbili, na mengi katika hayo yalikuwa majina ya vyombo vya jikoni. Hakuwa na sauti ya kuimba. Hakuwa na ruhusa ya kutoka peke yake, wala mtu wa kumlalamikia mambo yake. Zaidi ya yote, hakuwa na kipaji ambacho aliamini wamisionari wenzake wamezaliwa nacho, yaani kuomba nusu saa nzima bila kuwaza chakula.

Alichokuwa nacho ni mwenzake.

Misheni yao ilituma vijana wawili wawili, kwa miaka miwili, na sheria ya kwanza ilikuwa kwamba wawili hao hawaachani. Mmoja alikuwa mzoefu, mwingine mgeni. Mzoefu alizungumza, mgeni alibeba vitabu na kutabasamu. Lakini kazi moja alipewa mgeni peke yake. Kila Jumatatu alimwandikia barua Msimamizi, aliyekaa makao makuu, mwendo wa siku nzima kwa basi. Aliandika milango waliyobisha, watu waliowakaribisha ndani, masomo waliyofundisha, na mwisho hali ya mwenzake, ya mwili na ya roho. Msimamizi hakuficha sababu ya kumpa mgeni kalamu. Mgeni, alisema, bado hajajifunza kuficha.

Walipanga chumba ghorofani kwa mama mmoja mjane. Kulikuwa na vitanda viwili vya chuma, meza moja, na dirisha lililotazama uani, kwenye bomba la maji na choo cha nyumba nzima. Chini ya ngazi alikaa fundi viatu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Siku ya kwanza aliwatazama wakipandisha mabegi, akaweka nyundo chini.

"Karibuni, karibuni!" alisema. "Mmoja mrefu kama nguzo ya simu, mwingine kinda lililodondoka kwenye kiota. Na hawa ndio Mungu kawatuma? Basi Mungu ana mzaha kuliko mimi."

Tangu siku hiyo mzoefu akawa Mrefu, na mgeni akawa Kinda. Mama mwenye nyumba aliyachukua majina hayo siku ileile, na kabla ya mwezi kwisha wao wenyewe walikuwa wakiitana hivyo.

Kila asubuhi saa mbili walitoka. Palikuwa na kinyozi aliyewasikiliza vizuri sana mpaka mteja aingie, kisha akawatoa nje hata kama walikuwa katikati ya sala. Palikuwa na askari mstaafu aliyewakaribisha kila Alhamisi ili abishane. Palikuwa na mwanamke wa kufua nguo aliyewaambia, "Nyie semeni tu, lakini shikeni ncha hii ya shuka," wakamkamulia mashuka huku Mrefu akimweleza habari za toba. Mrefu alijua kusema na watu. Alicheka pale walipocheka, alinyamaza pale walipolia, na lugha ile ngumu ilimtoka kama aliyezaliwa nayo. Kinda alisimama nyuma yake kama kivuli cha saa sita, mfupi na asiye na kazi, akijiuliza ni lini yeye naye ataweza.

Sasa kuna jambo moja la watu hawa ambalo lazima lielezwe. Kufunga kwao kulikuwa na adabu yake. Anayefunga hatangazi, na mwenzake akiona sahani imerudi na chakula, haulizi. Anaiondoa mezani na kunyamaza. Walifundishwa chuoni kwamba kumwuliza aliyefunga ni kumsifu, na sifa inaula mfungo mpaka unabaki njaa tu.

Kwa hiyo Mrefu alipoanza kusukuma sahani yake pembeni, Kinda hakuuliza. Aliona ya siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Aliona vilevile kwamba mwenzake alitembea na chupa ya maji, na kabla hawajamaliza mtaa wa pili chupa ilikuwa tupu, akaomba maji kwa watu. Usiku alimsikia akiamka, mara mbili, mara nne, akishuka ngazi kwenda uani, na Kinda, akiwa amejifunika mpaka puani, alijiambia: anakwenda kuomba, na mimi nimelala kama gunia.

Mkanda wa Mrefu ulikuwa ukikizidi kiuno. Fundi viatu ndiye aliyetoboa matundu mapya.

"Hili ni la tatu," alisema siku moja, akiupima mkanda kwa jicho moja. "La nne nitalitoboa mgongoni mwako mwenyewe, maana ngozi ya mkanda imekwisha. Unapungua wapi, wewe mtoto? Au mbinguni mlango ni mwembamba?"

Mrefu alicheka. Kinda hakucheka. Yeye alikuwa akiona haya, kwa sababu chakula alichoacha Mrefu alikuwa akikila yeye.

Jumatatu ya wiki ya tatu alikaa mezani akaandika milango mia na kumi, nyumba kumi na nne, masomo tisa. Alipofika kwenye hali ya mwenzake aliuma kalamu, kisha akaandika: "Mwenzangu amefunga, na leo ni siku ya kumi na saba. Hasemi, nami siulizi. Kwake najifunza kuliko vitabuni." Sentensi ile ilimpendeza. Aliisoma mara mbili kabla ya kufunga bahasha. Alijua kwamba amevunja adabu, lakini aliona ameivunja kwa ajili ya jambo jema, na uvunjaji wa namna hiyo haumkoseshi mtu usingizi.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi, nalo liliandikwa kwa wote wawili. Mrefu alilisoma kwa sauti, amesimama dirishani. Msimamizi alisema kwamba barua ya mgeni ilimgusa, akaisoma mbele ya mkutano wa ndugu wote. Ndugu kumi na wawili walikuwa wamefuata mfano huo. Mmoja, kwenye kituo cha kaskazini, alikuwa katika siku yake ya tano. Tena, kwa kuwa roho ya mfungo ni zawadi ya kugawana, Mrefu alipangiwa kuzunguka vituo vitano vya milimani kwa wiki tatu, awafundishe ndugu wa huko. Angeondoka na mgeni wake baada ya wiki mbili, siku ya Jumatano.

Sauti ya Mrefu ilikuwa ikishuka mstari kwa mstari. Alipomaliza aliikunja barua.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ni mimi, kaka."

"Nani alikwambia nimefunga?"

"Hakuna aliyeniambia. Nisamehe. Najua haisemwi."

Mrefu akachukua chupa, akanywa mpaka mwisho bila kupumzika.

"Basi," alisema. "Kimeshaandikwa."

Kinda alidhani amekasirikia adabu iliyovunjwa. Akaazimia kutokosea tena, na kwa siku zilizofuata hata macho hakuyaweka kwenye sahani ya mwenzake.

Lakini kuna kitu hakikukaa sawa. Mkate ulikuwa ukipotea kabatini. Kinda alimwambia mama mwenye nyumba kwamba huenda kuna panya, akakoma.

"Panya? Kwangu?" Mama alishika kiuno. "Miaka thelathini na moja nimekaa humu, panya wa kwanza anaingia na nyie watu wa Mungu? Mwanangu, nyumba yangu inaweza kukosa bati, lakini panya haina!"

Siku mbili baadaye ni yeye aliyekuja na malalamiko. Alisimama uani, ufagio mkononi, akaita kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Kinda! Hebu shuka! Shuka uone!"

Kinda alishuka mbio. Mama alimwonyesha sakafu ya choo. Kwenye saruji, kuzunguka tundu, sisimizi walikuwa wamejaa. Msafara wao ulianzia kwenye ufa wa ukuta, ukavuka kizingiti, ukasambaa pale kama chai iliyomwagika.

"Nani anamwaga chai yake humu? Sema ukweli, sitakupiga. Au ni soda? Maana mimi nyumbani kwangu sisimizi nimewaona jikoni, nimewaona kitandani kwa marehemu mume wangu aliyekuwa akila biskuti shukani, lakini chooni? Chooni wanafuata nini?"

Kinda alielewa nusu ya maneno, na kidole alikielewa chote. Akasema kwa maneno yake machache kwamba yeye hamwagi chai. Mama akasonya, akaenda kutafuta maji ya moto.

Fundi viatu alikuwa amesikia. Alikuja taratibu, kiatu cha mtu kimevalishwa mkononi kama soksi, akachungulia mlangoni. Hakutania. Hilo peke yake lilimtisha Kinda.

"Mrefu huamka usiku?" aliuliza.

"Huamka. Anaomba."

"Anakojoa," alisema mzee. Akasema polepole, neno kwa neno, ili kijana amfuate. "Sikiliza. Mke wangu alianza hivihivi. Maji, maji, maji. Nguo zikamtoka mwilini. Halafu wakaja hawa." Alinyoosha kiatu kuelekea sisimizi. "Mimi nilimcheka. Nilimwambia, mke wangu, umekuwa mzinga wa nyuki. Nilicheka miezi miwili. Ile ni sukari, mwanangu. Inatoka naye. Mpeleke akapimwe leo, usingoje Jumapili."

"Yeye amefunga," Kinda alisema, na alipolisema akalisikia lilivyo.

"Amefunga nini na matundu ya mkanda nayatoboa mimi? Mtu aliyefunga hanywi bomba zima la mtaa."

Tuseme ukweli, hofu ya kwanza iliyomshika Kinda haikuwa ya Mrefu. Aliwaza kwamba mgonjwa hurudishwa kwao. Aliona kile chumba na kitanda kimoja kitupu. Aliona mlango wa kinyozi, mlango wa askari, milango mia na kumi kwa wiki, na yeye mbele ya kila mmoja bila mdomo. Hofu ya pili ndiyo iliyomhusu Mrefu, nayo ilikuwa kubwa zaidi, lakini ilikuja ya pili. Hilo lilimwuma kwa miaka mingi.

Mchana ule alifunga mlango wa chumba, akasimama mbele yake.

"Kaka, wewe hukufunga."

Mrefu alikuwa ameketi kitandani, akifunga kamba za viatu. Aliziachia.

"Mwanzoni chakula kilinikinaisha," alisema. "Nilikuwa nikikiona tu, tumbo linapinduka. Wewe ukawa unaondoa sahani kwa heshima, kama unaondoa sadaka. Nikaona nisikusumbue. Halafu njaa ikaja. Njaa gani ile! Na wewe ulikuwa umeshaniandikia mfungo, nchi nzima inajua. Ningekula mbele ya nani?"

"Mkate..."

"Panya ni mimi."

Walicheka kidogo, wote wawili, na kicheko kikaisha vibaya.

"Fundi anasema ni sukari."

"Najua ni nini. Mjomba wangu alikuwa nayo."

"Basi twende ukapimwe! Twende sasa hivi!"

"Nikipimwa itaandikwa. Ikiandikwa, ninapanda gari la kurudi." Mrefu aliinua kichwa, na Kinda aliona jinsi mifupa ya mashavu ilivyomtoka. "Kaka yangu alitumwa kabla yangu. Alirudi baada ya miezi minane, homa za mara kwa mara. Unajua mpaka leo wanamwitaje? Nusu Safari. Ana watoto wawili, ana duka, baba yetu mzee wa kanisa, na bado ni Nusu Safari. Mtoto wake shuleni anaitwa Robo. Mimi ndiye niliyetumwa kuifuta aibu hiyo. Nimebakiza miezi minne. Kinda, miezi minne tu. Nitapunguza vitu vitamu, nitapumzika. Niahidi."

"Kaka, fundi mkewe..."

"Niahidi!"

Kinda aliahidi. Hata mimi ninayesimulia sijui ningefanya nini mahali pake. Mdogo akiombwa hivyo na mkubwa wake, kinywa hujibu kabla ya kichwa.

Jumatatu aliandika milango sabini na mbili. Kwenye hali ya mwenzake aliandika neno moja, "Njema," na wino ukakauka haraka kuliko alivyotaka. Kutwa nzima alijisikia kama mtu aliyesahau kitu jikoni kikiwa motoni. Aliangalia kila hatua ya Mrefu. Alihesabu chupa. Mrefu alipokohoa, Kinda aliruka.

Jumatano walidandia lori la mbao lililokuwa likirudi tupu milimani, wakaketi juu ya turubai na mabegi yao. Mwanzoni Mrefu alitania, akamwuliza dereva kama mbinguni nako anapeleka mizigo. Baada ya saa mbili alinyamaza. Lilipowashusha njia panda, mahali penye zahanati ndogo na kibanda cha kungojea basi, Kinda aliitazama ile zahanati, akamtazama mwenzake.

"Usianze," alisema Mrefu.

Kutoka hapo kituo cha kwanza kilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu, kupanda. Kinda alibeba mabegi yote mawili. Kwenye kona ya kwanza Mrefu alipumzika. Kwenye ya pili alipumzika zaidi. Kwenye ya nne alitapika maji matupu, akakaa kwenye ukingo wa karavati, akapumua kwa nguvu, ndani na nje, kama aliyetoka kukimbia, na hakuwa amekimbia. Kinda aliinama kumfuta mdomo akasikia harufu ya pumzi yake, harufu ya matunda yaliyoiva yakapitiliza.

"Kaka, turudi. Zahanati ipo hapo chini."

"Mwambie baba nimefika," alisema Mrefu, akimtazama lakini hamwoni. "Mwambie, kaka. Wewe ulirudi, mimi nimefika."

Kinda alielewa kwamba anazungumza na Nusu Safari.

Barabara ilikuwa tupu. Alipiga kelele mpaka koo likauma. Baada ya muda ambao hakuweza kuupima likatokea pikapu limebeba madumu ya maziwa, likishuka, na mwanamke akiliendesha. Kinda alisimama katikati ya barabara na mikono juu. Mwanamke alikanyaga breki, akatoa kichwa dirishani.

"Una wazimu? Unataka kufa?"

Maneno yote ya lugha ile yalimkimbia, yakabaki yale ya jikoni. "Mama!" alisema, akimwonyesha Mrefu. "Ndugu yangu! Sufuria, moto! Maji yamekwisha! Sufuria inaungua, mama!"

Mwanamke alimtazama Mrefu mara moja tu. Akashuka, akasogeza madumu, akamshika miguu, Kinda akashika mabega, wakampandisha.

Nesi wa zahanati alikuwa mama mnene, mwenye mikono ya haraka. Alimchoma Mrefu kidole, akaweka tone kwenye kipimo, akakitikisa, akakiweka tena.

"Hakinipi hata namba," alisema. "Kinaniambia tu imepita." Akatundika chupa ya maji ya mshipa, akachoma sindano, kisha akamgeukia Kinda akasema polepole kama anavyosemeshwa mgeni. "Ameanza lini?"

"Mwezi na nusu."

"Mwezi na nusu! Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naye," alisema Kinda. "Kila siku."

Nesi akamsukumia kiti. "Kaa. Mngechelewa mpaka jioni, ningekuwa naandika karatasi nyingine kabisa."

Mrefu alizinduka Alhamisi alasiri. Ijumaa aliketi, akala uji, na nesi alisimama mlangoni akimhesabia vijiko. Alimweleza yote bila kuzunguka. Atachomwa sindano kila siku ya maisha yake, dawa ile inataka mahali pa baridi, inataka hospitali kubwa karibu. Anaweza kuoa, kufanya kazi, kuzeeka. Kupanda milima wiki tatu bila daktari hawezi. "Ukipanda huko," alisema, "watakushusha, wewe hutashuka."

Nesi alipotoka Mrefu alimwita Kinda karibu.

"Kesho basi la makao makuu linapita hapa saa nne. Kondakta hubeba barua. Mwandikie Msimamizi kabla hajasikia kwa watu wa mlimani kwamba hatukufika."

"Nitaandika."

"Andika malaria."

Kinda aliinua bakuli la uji.

"Malaria ni wiki mbili, inapona, hakuna anayerudishwa kwa malaria. Sindano nitajichoma mwenyewe, nitajifunza, nesi atanionyesha. Kinda, uliahidi."

"Niliahidi," alisema Kinda. Na usiku kucha lile neno lilimkaa kifuani kama tonge lililokataa kushuka.

Asubuhi ya Jumamosi aliomba karatasi kwa nesi, akakaa kwenye benchi la veranda. Kwanza aliandika malaria. Akaitazama. Ilikuwa sentensi nyepesi kabisa, hata mwandiko ulikuwa mzuri. Akamfikiria yule ndugu wa kaskazini, siku ya tano, na siku zilizopita tangu hapo, anamwangalia mwenzake mgeni akiondoa sahani bila kuuliza. Je, naye anakunywa maji sana? Ni nani angejua? Akaichana karatasi, akaomba nyingine.

Saa tatu na nusu aliingia ndani. Mrefu alikuwa amelala kuelekea ukutani, macho wazi.

"Nimeandika," alisema Kinda. "Sikuandika malaria. Nitakusomea."

"Sitaki kusikia."

"Nitasoma tu." Na akasoma. "Kwa Msimamizi. Barua hii si ya Jumatatu. Mwenzangu hakufunga. Ana ugonjwa wa kisukari, yuko zahanati ya njia panda, na alikaribia kufa Jumatano njiani. Nesi anasema ahamishiwe hospitali kubwa na asipandishwe mlimani. Mimi ndiye niliyeandika kwamba amefunga, bila kumwuliza. Jumatatu iliyopita niliandika kwamba hali yake ni njema, nami nilijua kwamba si njema. Ndugu waliofunga kwa ajili ya barua yangu, tafadhali waambie wale leo, na wanaokunywa maji mengi wapimwe."

Mrefu hakugeuka. Nje nesi alikuwa akiosha vyombo, na sauti ya maji kwenye beseni ilisikika wazi. Kinda alingoja kutukanwa. Alikuwa tayari kwa hilo.

"Umemaliza?" Mrefu aliuliza mwishowe.

"Nimemaliza."

"Hujasema kwamba nilikuacha uamini. Hujasema niliiona barua ya Msimamizi nikanyamaza, nikakuapisha, nikakupandisha kwenye lori." Alijigeuza. "Kama unanivua nguo, Kinda, nivue zote. Usiniachie soksi."

"Siwezi kuandika hayo, kaka. Watasema..."

"Watasema Robo ana baba mdogo. Waache waseme. Lete hapa."

Aliketi kwa shida, akaiweka karatasi juu ya goti. Akaandika mistari mitatu chini ya jina la Kinda, kwa mwandiko uliopanda na kushuka, akaweka jina lake, akairudisha bila kumtazama. Kisha akalala tena, akavuta shuka mpaka shingoni. Mabega yalikuwa yakimtikisika, na Kinda hakujua kama aweke mkono wake hapo au asiuweke. Akauweka. Haukuondolewa.

Honi ilisikika mbali, kwenye mteremko.

Kinda alitoka mbio. Bahasha aliyopewa ilikuwa ya zamani, gundi yake imekufa. Aliilamba mara mbili na haikushika, kwa sababu hata mate yalikuwa yamemkauka mdomoni. Nesi alimnyang'anya, akakata kipande cha plasta ya vidonda, akaibandika juu ya mkunjo, akaipitisha kidole gumba kwa nguvu kama anafunga jeraha.

"Kimbia," alisema.

Basi lilikuwa limesimama, injini ikinguruma. Kondakta alining'inia mlangoni akiitazama ile bahasha yenye plasta.

"Hii inaumwa?" aliuliza.

"Makao makuu," alisema Kinda. "Mkononi mwa Msimamizi. Leo."

Kondakta aliiweka mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akapiga bati mara mbili, na basi likaondoka.